Kioo chako hakijaharibika, ila soma hapa kabla hujakileta tena

Malalamiko yamezidi siku hizi, mtu analeta maabara kioo chenye elementi adimu (metali za kundi la "rare earth", kama yuropiamu na neodimiamu) tukifanyie kazi kwenye uso wake, kikirudi anasema rangi siyo ile, au hakiwaki alivyotaka, basi tumemharibia. Tunajua hamna nia mbaya, ndo maana tunaeleza.

Ule wekundu wa yuropiamu ukimulikwa na UV (mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho) siyo rangi ya kupaka jamani. Unatoka kwenye ioni (atomi zenye chaji ya umeme) zilizomo ndani ya kioo, na elektroni zinazohusika zimekingwa na tabaka za nje, kwa hiyo mng'ao wake mkuu unabaki karibu na nanomita 612 (urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi) hata ubadilishe aina ya kioo. Ukituandikia "nisogezeeni kidogo uwe kijani" hatuna cha kukusaidia. Tunachoweza ni kubadilisha chaji, manake leza ya femtosekunde (yenye mapigo mafupi mno ya mwanga) inaweza kuigeuza ioni ya chaji tatu kuwa ya chaji mbili, na hiyo ya pili mara nyingi inatoa bluu, ila siyo kila kioo kinakubali.

Njia nyingine ni kutumbukiza kioo kwenye chumvi iliyoyeyuka yenye nitrati ya fedha, nyuzi 300 na kitu, sodiamu inatoka fedha inaingia. Atomi chache za fedha zikijikusanya zinanyonya UV na kuipokeza yuropiamu, kinang'aa zaidi. Ukikipasha moto tena nyumbani kwako "kiive vizuri", fedha inakua kuwa chembe kubwa, kioo kinageuka njano, halafu simu inapigwa kwetu.

Na hilo tabaka ni jembamba, mikromita chache hadi makumi. Sasa kuna watu wakishachukua kioo wanakwenda kukipolishi kwa unga wa oksidi ya seriamu (nayo ni elementi adimu, lakini hiyo haisaidii kitu) wanakwangua kazi yote. Kioo cha neodimiamu nacho kinakuwa zambarau mchana na kibluu chini ya taa ya tyubu, kwa hiyo kabla ya kulalamika toka nacho nje kwanza.

Utaratibu ni huu. Fomu ijazwe yote, yaani aina ya kioo, kiasi cha oksidi ya elementi adimu, unene, na upande wa kufanyiwa kazi uwekewe alama pembeni siyo katikati. Ulete na kipande cha pili kisichoguswa, tunapima spektra (mwanga unaonyonywa na kutolewa, rangi kwa rangi) ya vyote viwili kabla na baada, bila hicho hatuna cha kulinganisha na lalamiko lako halitapokelewa. Fomu isiyotaja muundo, yaani aina ya kioo na kiasi cha oksidi, inarudi na kioo chake, foleni unaanza upya, ukirudia unaleta barua ya msimamizi wako. Hatufanyi hivyo kukukomoa, kioo cha fosfeti kikiingia kwenye chumvi isiyokifaa kinaweza kuliwa na kuchafua chumvi ya wenzako.

Chumba cha leza, ukiingia bila miwani unatolewa na ruhusa inasitishwa mpaka urudie mafunzo. Na tafadhali, miwani ya mafundi wa kupuliza kioo, ile ya didimiamu (mchanganyiko wa neodimiamu na praseodimiamu), imetengenezwa kukata njano ya sodiamu ya nanomita 589, siyo kukukinga na leza ya nanomita 800. Angalia namba zilizoandikwa kwenye miwani yenyewe, kama hazijataja hiyo 800 iache mlangoni uombe nyingine.