Kulungu Huufuata Mlokasti, Lakini Dungu Lako Lifunge Mti wa Pili

Msimu wa uwindaji unapokaribia katika majimbo ya katikati ya Marekani, swali moja hunirudia kutoka kwa wawindaji wapya: "Nimekuta mti umemwaga maganda chini, nyayo za kulungu zimeuzunguka pande zote, lakini shina zima ni miiba. Naweza kupanda?" Jibu langu ni fupi: usiupande. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu aliyesimama msituni alfajiri na vifaa mgongoni, kwa hiyo nataka nieleze sababu, na nieleze pia la kufanya, maana hapo alipopaona kweli ni mahali pazuri pa kumvizia kulungu.

Tuelewane kwanza kwa majina. Kulungu ninayemzungumzia ni wa mkia mweupe, Odocoileus virginianus, ambaye wengine humwita ayala. Dume lake huota pembe zenye matawi, huziangusha kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine. Mti wenyewe kitaalamu ni Gleditsia triacanthos. Wamarekani huuita hani lokasti; mimi hapa nitauita mlokasti. Dungu ni kile kiti au jukwaa dogo ambalo mwindaji hulifunga juu ya mti ili akae akimngoja mnyama.

Neno triacanthos maana yake ni miiba mitatu, kwa sababu mwiba wake mkubwa mara nyingi huchipuza midogo miwili ubavuni. Mingi hufika urefu wa kidole, na kwenye mashina ya zamani huweza kupita sentimita 20, tena ikiota kwa mafungu kama matita ya sindano. Mwiba wa waridi ni kitu cha juujuu kwenye gome, ukiusukuma kwa dole gumba unabanduka. Wa mlokasti ni tawi lililogeuka kuwa mwiba: ndani yake mna ubao, na ubao huo umeungana na ule wa shina. Ukiwa mchanga ni laini na wa kijani, kisha huwa mwekundu, na ukizeeka hugeuka kijivu na kuwa mkavu kiasi cha kukatika. Hilo la kukatika lishike, tutalihitaji mbele.

Kwa nini mti ujihami kiasi hicho? Kulungu si sababu ya kutosha, kwa kuwa yeye huokota maganda yaliyokwisha kuanguka. Mwaka 1982 Daniel Janzen na Paul Martin walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba matunda mengi ya misitu ya Amerika ya Kati yaliumbika kwa ajili ya wanyama wakubwa ambao hawapo tena. Wataalamu wengine wakaitazama milokasti ya kaskazini kwa jicho hilohilo. Ganda kubwa na tamu, mbegu yenye gamba gumu linalohitaji kukwaruzwa au kupita tumboni ndipo iote, na miiba iliyojazana sehemu ya chini ya mti: yote yanaeleweka vizuri ukimfikiria mastodoni, mnyama jamii ya tembo aliyetoweka Amerika Kaskazini zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mti ulimhitaji ale maganda na kusambaza mbegu, lakini haukutaka abandue magome na kuvunja matawi. Mimi hoja hii huniingia akilini, na kwa mwindaji ina faida ya moja kwa moja. Miiba imejazana zaidi kwenye mita za mwanzo kutoka ardhini, na hizo ndizo mita ambazo wewe unapaswa kuzipanda na kuzishuka. Kule juu kwenye matawi mapya hupungua, ndiyo maana mtu akitazama juu hudhani kuna nafasi ya kukaa.

Watu wanaoujua mti huu kwa kuuona mijini hushangaa wakikutana nao porini. Ile iliyopandwa kando ya barabara ni ya aina isiyo na miiba, iliyochaguliwa makusudi.

Sasa maganda. Ni ya kahawia iliyoiva, bapa, yamejipinda kama utepe, na mengi yana urefu wa sentimita 15 hadi 40. Kati ya mbegu na mbegu kuna nyama tamu, na hiyo ndiyo anayoifuata kulungu. Huiva kuanzia Septemba au Oktoba, lakini hayaanguki yote kwa pamoja. Mengine hukaa mtini hadi katikati ya majira ya baridi, upepo ukiyapukutisha kidogo kidogo. Mbegu za mwaloni zikiwa nyingi mwanzoni mwa msimu, kulungu anaweza kuupita mlokasti bila kugeuka. Zikiisha, hurudi hapo kila jioni. Halafu si kila mlokasti huzaa. Kwa kawaida mingine ni ya kiume na mingine ya kike, kwa hiyo ukikuta kichaka cha milokasti kumi, huenda mitatu tu ndiyo yenye chakula. Tafuta hiyo mitatu kabla ya kufikiria pa kukaa.

Mwindaji hupanda juu kwa sababu za maana. Akiwa juu huona mbali, hujiondoa kwenye usawa wa macho ya kulungu, na harufu yake huweza kupita juu ya pua ya mnyama aliye karibu. Mlokasti huongeza vishawishi vyake: chakula kiko chini yake, na hakuna mwindaji mwingine aliyeuwahi. Wapo wanaoamini kwamba miiba itawaficha. Mimi hapo sikubaliani nao, kwani kinachomshtua kulungu ni mjongeo na harufu, na mtu anayechomwa hakai akatulia.

Wengi huogopa mwiba kwa sababu ya maumivu. Mimi naogopa sekunde inayofuata. Mkono ukichomwa ghafla, amri ya kuuvuta hutoka kwenye uti wa mgongo kabla ubongo haujapata habari. Hukuamua kuachia, mkono umeshaachia. Ukiwa ardhini utasema "ah!" na kunyonya kidole. Ukiwa kwenye ngazi mita tano juu, mguu mmoja hewani, umeanguka. Na ajali nyingi za madungu hutokea hapohapo, mtu akiwa anapanda, anashuka, au anavuka kutoka ngazini kuingia kwenye jukwaa.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayonifanya nisiuruhusu mti huu hata kwa mwenye glavu nene. Mkanda wa dungu hufanya kazi kwa kulikumbatia gome. Kwenye mlokasti mkanda haulifikii gome. Umekaa juu ya mafungu ya miiba. Utauvuta, utakaza, utaona umeshika vizuri. Kisha uzito wako utakapoingia, miiba mikavu iliyo chini yake itakatika mmoja mmoja, na kila unapokatika mkanda hulegea kidogo. Dungu hushuka sentimita chache kwa mshtuko, labda alfajiri wakati bado kuna giza. Madungu ya kujipandisha, yale yanayolibana shina na kupanda nalo hatua kwa hatua, hayafai hapa hata kwa kujaribu, kwa kuwa yanataka shina lililo wazi na nyoofu.

Kamba ya usalama nayo husumbuka. Kwa kawaida kamba hii hufungwa juu ya dungu na kushuka hadi chini, nawe hujiunganisha nayo kwa fundo la Prusik, fundo linalobana kamba likivutwa kwa uzito, unalolisogeza kadiri unavyopanda. Miiba hulinasa fundo, halisogei, mwindaji anachoka, anajifungua "kwa dakika moja tu". Na hata aliyejifunga vizuri, akiteleza, kamba humrudisha kwenye shina. Nani anataka kubembea kuelekea shina la mlokasti?

Basi fanya hivi. Mlokasti uache uwe meza ya kulungu, wewe kaa kwenye mti mwingine. Kwa anayetumia upinde, mti usio na miiba ulio umbali wa mita 15 hadi 20 unatosha. Kwa mwenye bunduki unaweza kuwa mbali zaidi. Chagua ulio upande ambao upepo unatoka kwa kulungu kuja kwako. Kama ni mteremko, kumbuka kwamba hewa ya jioni hupoa na kushuka bondeni, na ya asubuhi hupata joto na kupanda, hivyo mti uliokufaa jioni unaweza kukusaliti asubuhi. Kagua mti huo mchana: uwe hai, shina lisilo na uvimbe wa kuoza, usio na miiba iliyofichwa chini ya mimea inayotambaa. Mrobinia, Robinia pseudoacacia, huota jirani na mlokasti mara nyingi. Miiba yake ni mifupi na huja miwili miwili, na kwenye shina nene huenda usiione kabisa, ila matawi yake yatakuchoma. Kama hakuna mti unaofaa, kaa chini kwenye hema la kuvizia. Kulungu wengi wamepatikana na watu waliokaa chini.

Wapo wenye mashamba ambao wangependa kusafisha shina la mlokasti wao. Kama ardhi ni yako, au mwenyewe amekupa ruhusa, ifanye kazi hiyo miezi kabla ya msimu, ukiwa umesimama ardhini, kwa msumeno wa mpini mrefu na miwani ya kukinga macho. Tandaza turubai chini. Miiba inayobaki kwenye nyasi hutoboa matairi ya trekta, na huchoma kwato za mifugo. Bado sikushauri uupande baada ya hapo, kwa sababu mlokasti huchipuza miiba mipya na visiki vya ile ya zamani ni vikali. Kwenye ardhi ya umma mambo ni tofauti. Katika hifadhi za wanyamapori za serikali ya shirikisho ni marufuku kufunga dungu kwa misumari, skrubu au bolti, na ni marufuku pia kuwinda kutoka kwenye mti uliopigiliwa chuma cha kumbeba mwindaji, hata kama hukukipigilia wewe. Majimbo yana kanuni zake kuhusu kukata matawi; soma zile zilizoambatana na kibali chako.

Mkanda wa usalama wa mwili mzima, ule unaokushika mabega na mapaja, uvae ukiwa bado ardhini na ujifunge kwenye kamba kabla mguu haujaacha udongo, ubaki hivyo mpaka uguse udongo tena. Silaha usipande nayo. Bunduki iwe tupu, ifunge kwa kamba, ivute ukishakaa. Na ukianguka ukaning'inia, usitulie ukisubiri: mkanda unaobana mapaja huzuia damu kurudi, na hali hubadilika vibaya kwa dakika chache. Kanyaga kwenye kitanzi cha mguu kinachokuja na mkanda, chezesha miguu, jirudishe ngazini.

Kuhusu jeraha la mwiba, Waswahili husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi pole nasema, na nasema kwa dhati, kwa kuwa nililipata somo hili mkononi mwangu. Nilichomwa kwenye kiungo cha kidole nikikata matawi, nikauvuta mwiba, nikaosha, nikasahau. Wiki tatu baadaye kidole kilikuwa kimevimba na hakikunji. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Ilipotumika mashine ya mawimbi ya sauti, ileile inayotumika kumtazama mtoto tumboni, ncha ikaonekana imebaki ndani. Ndivyo ilivyo: mwiba ni mti, na mti kwa kawaida haujitokezi kwenye eksirei. Mwambie daktari waziwazi kwamba umechomwa na mwiba wa mti.

Mwiba wenyewe hauna tezi wala mfereji wa sumu kama jino la nyoka, ingawa uvumi huo upo. Uvimbe huletwa na vipande vilivyobaki na vijidudu vilivyoingia navyo. Bakteria aitwaye Pantoea agglomerans hukutwa mara kwa mara kwenye viungo vilivyochomwa na miiba. Osha kwa maji safi na sabuni. Usichimbe kwa kisu, na usiloweke kwa muda mrefu, maana ubao ukilowa huvimba na kuwa mgumu kutoa. Angalia chanjo yako ya pepopunda: kwa kawaida hurudiwa kila miaka 10, lakini kwa jeraha lililozama ndani na chafu daktari atataka iwe haijapita miaka 5. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au uliopita soli ukazama unyayoni, ni wa hospitali siku hiyohiyo. Ulioingia jichoni usiuvute. Funika bila kukandamiza, uende.

Jambo la mwisho ni la baada ya kupata mnyama, na husahaulika kwa furaha. Kulungu aliyepigwa jioni mara nyingi huangukia gizani, na chini ya mlokasti kumejaa miiba iliyodondoka, ikiwa imesimama kwenye majani. Vaa viatu vya soli ngumu, washa taa kabla ya kushuka, na ukimkuta usipige magoti kumpasua hapohapo. Mburute hata mita 30, mpaka penye nyasi safi, umulike uwanja, ndipo utoe kisu.