Kabla ya Kununua Betri Nyingine ya Haibridi, Fungua Feni

Mwenye Prius au Aqua, magari ya Toyota ya haibridi (yanayotumia petroli na umeme), hapa Dodoma akiona taa ya mfumo huo imewaka, jibu analopewa gereji mara nyingi ni moja: betri imekufa, tafuta nyingine. Huenda kweli imekufa. Lakini kabla hajatoa hela, fundi afungue kwanza feni ya kupoozea betri, maana betri inayokosa hewa nayo huwasha taa hizohizo. Na betri mpya ikifungwa kwenye gari lenye feni iliyoziba, itakufa kwa ugonjwa uleule.

Betri za magari haya hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Feni huivuta kupitia grili ndogo iliyo pembeni mwa kiti cha nyuma na kuipitisha kati ya moduli, yaani vipande vinavyounda betri. Harrier haibridi za mwanzo zina feni tatu, zote chini ya kiti. Kwa hiyo chochote kinachoelea ndani ya gari kinaelekea kwenye betri. Kiangazi, upepo unapovuma na vumbi la Nkuhungu au Ihumwa likaingia madirishani, vumbi hilo hushikana na nywele na nyuzi za mazulia, likaganda kwenye mapezi ya feni hadi yanakuwa kama yamevishwa blanketi. Feni inazunguka na kelele unaisikia, ila hewa haipiti. Kosa jingine tunaloliona sana ni kava za viti zilizoshonwa zikafunika grili kabisa, au mizigo iliyorundikwa hapo. Grili iachwe wazi siku zote, na kwenye barabara ya vumbi funga madirisha, tumia AC.

Upimaji mzuri huanza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Unganisha mashine ya kupimia (skana inayosoma kompyuta ya gari), fungua swichi bila kuwasha mfumo, kisha soma joto la sensa za betri, ambazo kwenye Prius ni tatu, pamoja na sensa ya hewa inayoingia. Zote zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiachana na wenzake kwa nyuzi kumi, shuku sensa hiyo au waya wake kabla ya kulaumu betri. Baada ya hapo endesha nusu saa na AC ikiwa imewashwa. Hewa inayoingia ikiwa ya baridi, feni iko kasi ya juu, na bado betri inazidi kupanda kupita nyuzi 45, basi njia ya hewa imeziba.

Namba za hitilafu zinazoonyeshwa na mashine ziandikwe kabla ya kufutwa. P0A81 na P0A82 zinahusu feni, P0A7E ni betri kupata joto kupita kiasi, P0A80 ni betri yenyewe kuchoka. P0A80 ikiongozana na namba ya feni, shughulika na feni kwanza, kisha upime volti za moduli. Fundi anayefuta namba na kumkabidhi mteja gari lake hajatengeneza kitu.

Kwenye Prius, mashine inaweza kuiamuru feni izunguke kuanzia kasi ya 1 hadi ya 6. Ikigoma, angalia fyuzi, rilei, volti 12 kwenye soketi yake na waya wa kurudi. Umeme ukifika, amri ikifika, na feni haizunguki, mota imekwisha.

Hapa pana hatari ya kuua. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, ya Aqua 144. Zima gari, weka ufunguo mbali, toa terminali hasi ya betri ndogo. Vaa glavu za umeme za volti 1,000 zisizo na tundu, chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, inayokata umeme wa betri kubwa, na uitie mfukoni mwako ili mtu asiirudishe. Subiri dakika 10. Waya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabla ya kupima na kuona volti zimeisha.

Usipulize kompresa kwenye grili. Utausukuma uchafu wote ndani ya betri. Toa kiti, plastiki za pembeni na mfereji wa hewa, kisha feni yenyewe. Gurudumu la mapezi lisafishwe kwa brashi laini. Vidude vidogo vya kusawazisha vilivyobanwa humo visitolewe, feni itatetemeka. Mota isiguswe na maji. Ukikaushia kwa kompresa, shika mapezi yasizunguke. Vumbi la kati ya moduli livutwe kwa mashine ya kunyonya.

Wakati wa kurudisha, plagi ya usalama ya Prius ina hatua tatu: chomeka, nyanyua mkono wake, kisha usukume chini hadi ujifunge. Ukisahau hatua ya mwisho, gari litagoma kuwa READY (tayari kuondoka) na kutoa namba ya hitilafu P0A0D, na mwenye gari ataambiwa inveta, kifaa cha kubadili umeme wa betri kwa ajili ya mota, imeungua.

Rudia mwendo uleule wa nusu saa, ulinganishe joto na lile la mwanzo. Betri iliyopata hewa itatulia, na feni itashuka kasi yenyewe. Ikibaki na joto huku hewa ikipita vizuri, sasa ndiyo upime moduli mojamoja.