Reli ya Arusha haijafa: yanayosemwa na madereva, na ukweli wake

"Hiyo reli ilishakufa." Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote huku kwetu, na ilikotoka panajulikana. Njia ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929, ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria. Kizazi kizima kilijifunza udereva huku majani yameota katikati ya mataruma. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Macho yetu yameiona, ila mguu bado haujazoea kutafuta breki tukikaribia reli.

Wapo wanaojitetea kwamba siku zake wanazijua. Hizo ni siku za treni ya abiria, tena ikiwa haijachelewa. Treni ya mizigo hupita kwa wakati wake, kichwa cha treni huweza kupita peke yake bila behewa hata moja, na kiberenge cha mafundi wa njia hutokea muda wowote. Kiberenge ni kidogo na hakina kishindo, lakini kikimgonga bodaboda hakuna atakayeuliza udogo wake.

"Nitaisikia tu." Ndani ya kifodi, yaani daladala ndogo, chenye muziki, vioo vimefungwa kwa vumbi, abiria wanabishana chenji? Hata nje, treni inayokujia uso kwa uso haipigi kelele kama ile inayopita ubavuni kwako. Honi hupigwa, ila upepo na majengo huimeza. Punguza muziki, shusha kioo, tazama pande zote mbili. Msimu ambao mahindi yamekuwa marefu kando ya njia, usogee taratibu mpaka uone kweli, si mpaka uhisi umeona.

"Bado iko mbali, napita." Hapa jicho lenyewe ndilo linalodanganya. Ukiwa kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, ndege kubwa inayoshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huonekana kama imening'inia hewani, kumbe inakwenda kasi kuliko basi lolote. Kitu kikubwa huonekana kizembe. Tena treni ikikuelekea, unachokiona ni uso wake tu ukikua polepole, kisha ghafla umejaa kioo chote. Kwa hiyo ukishaiona, subiri. Usipige hesabu.

"Si ananiona? Atafunga breki." Atafunga, ndiyo, halafu atakugonga huku breki zimefungwa. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki kama tairi kwenye lami, na nyuma yake kuna mamia ya tani yanayosukuma. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye mwendo, inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama. Na haina usukani wa kukukwepa.

Bodaboda wana dhana yao: kusubiri tairi la mbele likiwa karibu kugusa chuma. Reli yetu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, lakini behewa linakaribia mita tatu. Maana yake linatokeza karibu mita nzima kila upande. Rudi nyuma.

Kutokuwepo geti si ruhusa ya kupita. Ile alama ya msalaba inakwambia mwenye njia ni treni.

Foleni nayo ina mtego wake. Fuso ya ndizi inapanda tuta la reli ikimfuata aliye mbele, mbele wanasimama, nyuma bado iko juu ya reli. Usiingie kama upande wa pili hakuna nafasi ya gari lako zima. Weka gia nzito mapema, na usibadilishe gia ukiwa juu ya chuma.

Gari likizima hapo na treni inaonekana, usilisukume wala usirudi kuchukua mzigo. Shusheni watu wote, mkimbie mbali na reli kwa mshazari, kuelekea upande treni inakotoka. Vipande vya gari vitarushwa mbele ya treni, na anayekimbilia huko vitamfuata. Kama treni haijaonekana, watu wawili waende kila mmoja upande wake, wakipita kando ya njia, mamia ya mita, wakiwa na kitambaa chekundu au hata shati la kupunga kwa nguvu. Kupunga ukiwa umesimama kwenye gari hakusaidii. Dereva akikuona hapo, breki zake zimeshachelewa.