Hewa ukaa ya viwanda vya kauri: udongo nao uhesabiwe

Msimu wa taarifa za mwaka za hewa ukaa umefika, na malalamiko ni yale yale: "Tumeshahamia tanuru la umeme, mbona bado tunadaiwa hesabu ya hewa ukaa?" Tunawapongeza waliochukua hatua hiyo. Ila wengi bado wanatafuta moshi, na hewa ukaa haina rangi.

Udongo wenyewe huitoa. Vigae vingi vya ukutani huchanganywa na unga wa mawe ya chokaa ili visisinyae sana motoni. Joto likifika kati ya nyuzi 700 na 900 za Sentigredi, unga huo huvunjika, na kila kilo 100 huachia kilo 44 za hewa ukaa. Dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa lenye magnesiamu, hutoa takriban kilo 48. Basi mchanganyiko wenye asilimia 10 ya mawe ya chokaa utatoa kilo 44 kwa kila tani inayoingia tanuruni, hata umeme wako ukiwa wa jua. Hapo kinachobadilishwa ni mchanganyiko. Tumeshalieleza hili mara nyingi.

Upande wa nishati mnaufahamu, maana ankara ya gesi inauma. Joto la sehemu ya tanuru ya kupozea vigae lirudishwe kwenye vikaushio. Angalieni pia vitoroli vinavyobeba vigae tanuruni: vinaingia vya baridi, vinatoka vikiwaka, na joto lile halikuchoma kigae hata kimoja. Vitoroli vikijengwa kwa matofali mepesi ya kuhimili moto, hasara hiyo hupungua.

Sasa hesabu, ambako taarifa nyingi hurudishwa. Chukua gesi au dizeli iliyosomwa kwenye mita, si makadirio ya fundi. Igeuze kuwa gigajuli (kipimo cha nishati) kwa thamani yake ya joto, yaani nishati inayotoka ikiungua, kisha zidisha kwa kilo 56.1 za hewa ukaa kwa kila gigajuli ikiwa ni gesi asilia, au 74.1 ikiwa ni dizeli. Hivyo ni viwango vya jumla. Penye kipimo cha maabara kinachokubaliwa na mamlaka husika, kipimo hicho ndicho kitumike. Hewa ukaa ya malighafi iandikwe safu yake peke yake, pamoja na uzito wa malighafi na majibu ya maabara. Msijumlishe safu hizo mapema, tafadhali.

Adhabu hutegemea sheria za kila nchi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kiwanda cha kauri chenye uwezo wa kuzalisha zaidi ya tani 75 kwa siku kimo katika mfumo wa vibali vya hewa ukaa, ambapo kila kibali ni ruhusa ya kutoa tani moja. Asiyewasilisha vibali vya kutosha hutozwa faini ya euro 100 kwa kila tani isiyo na kibali, na kiwango hicho hupanda kufuata mfumuko wa bei. Wapo wanaodhani wakilipa faini wamemalizana. Hawajamalizana: vibali vilivyopungua vinabaki kuwa deni na hudaiwa pamoja na vya mwaka unaofuata, na majina ya wakosaji hutangazwa hadharani.