"Upside down": kichwa chini, mdomo chini, magurudumu juu

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni anauza katika duka la vyombo Kariakoo. Juzi alikuja darasani na kipande cha boksi la glasi, kina mishale miwili na maneno haya: "Do not store upside down." Akaniambia, "Mwalimu, vijana wa mkokoteni hawayajui haya. Niwaandikie nini?" Nikamjibu upesi: andika usipindue. Akatikisa kichwa. Akasema wakiona usipindue watauliza boksi lipite vipi mlangoni bila kugeuzwa.

Alikuwa na haki. Kupindua ni neno pana, na "upside down" ina maana finyu. Ni kielezi kinachoonyesha jinsi kitu kilivyokaa: upande unaopaswa kuwa juu uko chini, na wa chini uko juu. Boksi likilazwa ubavu, hilo bado si "upside down". Likizungushwa likabaki limesimama vilevile, si "upside down" pia. Mpaka kitako chake kitazame mbinguni.

Kiingereza kinatosheka na neno hilo moja kwa kila kitu, kwa sababu kinaangalia juu na chini tu. Kiswahili kinaanza na kitu chenyewe. Je, kina kichwa? Kina mdomo? Kina magurudumu? Popo analala kichwa chini miguu juu. Kitabu au picha ukutani tunasema imewekwa juu chini, au kichwa chini. Chombo chenye mdomo kina kitenzi chake kabisa, kufudikiza. Nenda uani kwa mtu yeyote Temeke au Magomeni baada ya chakula cha mchana, utaona vikombe, bakuli na sufuria zimefudikizwa kichanjani, mdomo chini, maji yakichuruzika taratibu. Neno moja limebeba kitendo na mkao wa chombo kwa pamoja. Naumia ninapomsikia kijana wa mjini akimwambia mdogo wake aweke vikombe "apsaidi dauni", ilhali bibi yake alimwachia kufudikiza.

Kwenye vyombo vya usafiri ndipo wanafunzi wangu wanapojikwaa zaidi. Tunasema lori limepinduka hata kama limelala ubavu tu kando ya barabara ya Morogoro. Mwingereza hataita hilo "upside down" mpaka magurudumu yawe juu. Kwa hiyo ukitafsiri habari ya ajali, uliza kwanza gari limelalaje. MV Bukoba, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa hivyo kwa maana kamili: tumbo la meli lilibaki limeelea juu ya maji kwa muda kabla halijazama, na watu wakiwa ndani.

Kosa jingine ni kifudifudi. Mtu aliyelala kifudifudi, uso kwenye godoro, hayuko "upside down". Huyo ni "face down". Aliyelala chali yuko "on his back". Anayestahili neno letu ni yule tu ambaye kichwa kiko chini na miguu iko hewani, kama mtoto anayesimama kwa mikono mchangani pale Coco Beach. Na fulana iliyovaliwa ndani nje ni "inside out", mbele nyuma ni "back to front". Hayo ni mageuzo ya namna nyingine.

Bendera ya Tanzania inafundisha vizuri zaidi ya maelezo yoyote. Ikipandishwa sawasawa, kijani kiko juu upande wa mlingoti, na buluu iko chini upande wa pili. Picha yake ikitundikwa kichwa chini, ule mstari mweusi wenye kingo za njano unabaki na mwelekeo uleule, kwa hiyo mpita njia anaweza asigundue. Ila buluu sasa iko juu na kijani kimeshuka. Kwa nchi nyingine, kosa hilo linakupeleka ugenini kabisa: bendera ya Poland ikipinduliwa inafanana na ya Indonesia.

Neno lenyewe lina safari ya kupendeza. Katika Kiingereza cha karne ya 14 watu walisema "up so doun", yaani juu kana kwamba ni chini. Baadaye "so" ikapoteza maana masikioni mwao, wakaisikia kama "side", upande, na umbo hilo likakaa hadi leo. Kwa kawaida linafuata kitenzi au kitu kinachotendwa: "He held the map upside down", alishika ramani kichwa chini. Likitangulia nomino, linaandikwa kwa kistari, kama Waingereza wanavyouita mbuyu "the upside-down tree". Ukiitazama mibuyu ya Msasani wakati wa kiangazi, matawi yamebaki matupu kama mizizi, utawaelewa.

Limepanuka pia kwenda kwenye mambo yasiyoshikika. Wezi wakiipekua nyumba hadi chini ya magodoro, wameigeuza "upside down", na sisi husema wameipindua juu chini. Maisha ya mtu yakivurugika kwa msiba au kufukuzwa kazi, ni hivyohivyo. Na hapa kupindua, ambayo kwenye boksi ilikuwa pana mno, inakaa mahali pake barabara. Kwenye Matendo ya Mitume 17:6, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema mitume wameugeuza ulimwengu "upside down", na Biblia ya Kiswahili inatumia kupindua. Kutoka mzizi huohuo tumepata Mapinduzi, neno ambalo Zanzibar imeliweka kwenye tarehe 12 Januari 1964.

Mwanafunzi wangu mwishowe hakuandika lolote kati ya maneno hayo. Alichukua maka peni akaandika kwenye kila boksi: MISHALE IANGALIE JUU. Ameniambia vijana wa mkokoteni wameelewa bila kuuliza.

Darasani nilimaliza kwa zoezi la karatasi. Niliwaambia waandike mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, kila moja ikiwa mstari mmoja ulionyooka, kisha wazungushe karatasi mpaka juu iwe chini. Darasa likawa kimya, halafu mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, mbona ni uleule?"