Mstari mmoja kwenye fomu ya staji

Kwa miaka mingi nimekaa kwenye benchi za nyuma za madarasa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), fomu mkononi, nikiwapima wanafunzi wa ualimu walio katika staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Fomu hiyo ina mstari unaoitwa "usahihi wa lugha", na lugha yenyewe ni Kifaransa. Aliyekulia mjini, katika nyumba inayozungumza Kifaransa, anazipata alama zake bila jasho. Aliyetoka vijijini, Idjwi au Shabunda, amezikosa kabla hajashika chaki. Kisha tunajumlisha, na jumla tunaiita uwezo wa kufundisha.

Nililielewa hilo Kadutu, hapa Bukavu, katika darasa la pili lililojaa watoto zaidi ya 80. (Tangu masomo ya msingi yawe ya bure Septemba 2019, madarasa mengi yamefurika hivyo.) Binti wa staji, mzaliwa wa Idjwi, alikuwa akifundisha 52 kutoa 27. Aliisoma fishi yake, yaani maandalio ya somo, kwa Kifaransa, watoto wakaitikia kwa sauti moja kama kanisani, bila kushika kitu. Akaiweka fishi chini, akaendelea kwa Kiswahili. Akatoa vitita vitano vya vijiti kumi kumi, vimefungwa kwa kamba za mgomba, na vijiti viwili pembeni.

"Kwenye viwili, tutatoa saba?"

"Hapana, mwalimu!"

"Tufanyeje?"

"Tukope kwa jirani!" akasema mtoto wa benchi la tatu.

Akafungua kitita kimoja mbele yao. Vijiti 12 vikalala mezani, darasa zima likahesabu. Nami nilimkata alama za lugha, kwa sababu fomu ilinitaka nifanye hivyo. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na lugha za mazingira, yaani zinazozungumzwa pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo binti yule alikuwa ndani ya sheria. Fomu yangu ndiyo iliyokuwa nje.

Lakini hata ukiirekebisha fomu, maneno ya hesabu kwa Kiswahili yatoke wapi? Mwalimu wa shule ya msingi kwetu huandaliwa sekondari, katika sehemu ya pedagojia. Wengi wanaomfundisha huko wametoka ISP, chuo cha juu cha ualimu, ambako hesabu yote ni kwa Kifaransa. Mwalimu huyo wa msingi anaingia darasa la kwanza akiwa ameachiwa atunge maneno mwenyewe.

Ndiyo maana baadhi yetu, walimu wa didaktiki (mbinu za kufundisha) na watafiti, tunakutana Jumamosi. Ule mstari tumeugawa mara mbili: je, watoto wameelewa maelezo? Na je, mwalimu anawavusha kuelekea Kifaransa? Hilo la pili hatulifuti, maana mtihani wa kitaifa wa mwisho wa msingi huandikwa kwa Kifaransa, na kumwacha mtoto ng'ambo ya mto ni kumdhulumu vilevile.

Tunakusanya pia maneno ambayo walimu tayari wanayatumia. Mwanzoni tuliandika "fungu la kumi" kwa vijiti vilivyofungwa pamoja. Tulipolijaribu darasani, watoto wakafikiria sadaka ya Jumapili. Tukarudi kwenye "kitita", neno la binti yule.

Sasa tuko kwenye sehemu za hesabu, yaani vipande vya kitu kizima. "Nusu" na "robo" kila mtoto anazijua kutoka sokoni. "Theluthi", yaani moja ya tatu, haijui hata mmoja, na Jumamosi ijayo walimu wawili wa Idjwi watatuambia wao husemaje.