Kwa nini aliyekatwa tumbo huambiwa anyanyue vyuma, ilhali anakonda tayari?

Mtu ameondolewa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo ili apunguze unene, uzito unashuka kila wiki bila jasho, kisha daktari anamwambia aanze mazoezi. Ya nini tena? Wengi hujibu haraka: ya kuunguza mafuta yaliyobaki. Jibu linaingia akilini, na karibu lote ni kosa.

Ukijumlisha tafiti zilizolinganisha waliofanya mazoezi baada ya upasuaji na wasiofanya, tofauti ya uzito ni kilo 2 au 3 hivi. Kwa aliyepungua kilo 40, hiyo ni chenji. Nusu saa ya kutembea haraka hula kalori 150 hadi 200. Upasuaji nao, miezi ya mwanzo, humwacha mtu akila kalori 800 au pungufu kwa siku nzima. Shamba limeshalimwa kwa trekta, mazoezi yanakuja na jembe la mkono.

Tatizo ni mizani, kwani haisemi kilichoondoka ni nini. Katika kila kilo 10 zinazopotea, 2 hadi 3 si mafuta. Sehemu ya hizo ni maji (vipimo huyahesabu humo humo), lakini misuli imo, na huondoka zaidi miezi sita ya kwanza.

Mwili wenye akiba ya mafuta unakulaje misuli? Mafuta ni kuni: yanapika, lakini hayazibi ukuta. Kila siku mwili unakarabati utumbo, ngozi, nywele na chembe za kinga, na kazi hiyo inataka protini, yaani matofali. Hakuna ghala la matofali mwilini isipokuwa misuli yenyewe. Wiki za mwanzo tumbo hupokea nusu kikombe tu, kwa hiyo gramu 60 hadi 80 za protini zinazoshauriwa kwa siku ni nadra kutimia. Fundi akikosa tofali dukani, anabomoa chumba cha nyuma.

Hapa ndipo penye kioja. Miguu iliyobeba kilo 130 ilikuwa mazoezini miaka yote, kila ngazi na kila kuinuka kitini. Mzigo ukishuka hadi 95, nguzo zinaonekana zimezidi, na fundi huanza na chumba kisicho na mpangaji. Kunyanyua uzito ni kuweka mpangaji. Ila mpangaji bila matofali hasaidii sana: mazoezi bila mayai, samaki, dagaa au maziwa huishia kwenye uchovu.

Utaratibu una hatua zake. Siku ile ile ya upasuaji au kesho yake mgonjwa hutembezwa wodini, kwa sababu ya damu kuganda miguuni, si kwa ajili ya misuli. Kwa wiki 4 hadi 6 hanyanyui zaidi ya kilo 5 hivi. Matundu ya upasuaji kwenye ngozi hufunga mapema, lakini utando ulio chini yake bado ni dhaifu, na ukiachia, utumbo unachungulia: ngiri. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na ndilo linalosahaulika.

Daktari akiruhusu, kiti kinatosha: kaa, inuka bila kushika, mara 8 hadi 10, pumzika, rudia mizunguko mitatu, siku 2 au 3 kwa wiki. Ukifika 12 bila taabu, shika chupa za maji mikononi. Maji ya kunywa huanza saa moja kabla, kwa mafunda madogo, maana tumbo jipya halipokei kwa pupa. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Sukari hukimbilia utumboni, moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linaharisha, hasa kwa waliofanyiwa aina nyingine ya upasuaji, ule wa kuunganisha utumbo upya na tumbo.

Na ubora wa maisha? Madodoso yanaonyesha upande wa mwili unapanda sana mwaka wa kwanza, hata bila mazoezi. Upande wa nafsi hupanda kidogo, na kwa wengine hurudi chini. Kwamba mazoezi yenyewe huongeza furaha, ushahidi ni mwembamba: tafiti ni ndogo, fupi, na wanaojitokeza huenda ni wale wenye ari tangu mwanzo. Kilicho wazi zaidi ni pumzi, umbali wa kutembea na wepesi wa kuinuka.

Wanaoacha kukimbia mara nyingi wameshindwa na ngozi iliyolegea, inayosuguana mapajani na chini ya kitovu hadi kuchubuka. Nguo ya kubana husaidia. Baiskeli na kuogelea husaidia zaidi.